Ukarabati wa gereji ya nyumbani: Anza na maji, maliza na rangi

KATIKA mitaa mingi ya makazi mijini, gereji ndicho chumba kinachosahauliwa kuliko vyote. Gari hulala nje likinyeshewa na kuchomwa na jua, ilhali chumba kilichojengwa kwa ajili yake kimejaa magodoro makuukuu, viti vya plastiki vilivyovunjika miguu, mikebe ya rangi iliyokauka na baiskeli ya mtoto ambaye sasa yuko chuo kikuu. Aghalabu mwenye nyumba hukumbuka kwamba ana gereji siku ambayo mvua ya masika imepenya paani na kulowesha hata masalio hayo, au asubuhi anapoamka na kupata vioo vya pembeni vya gari vimeng'olewa.

Hapo ndipo wazo la ukarabati humjia, na hapo pia ndipo pesa huanza kupotea. Kwa kuwa fedha ni chache, hukimbilia kile kinachoonekana kwa macho: huita fundi wa rangi, hununua mlango mpya, huweka taa za kupendeza. Miezi michache baadaye rangi huanza kuvimba na kubambuka, mlango hushika kutu kwa chini, na sakafu hupasuka palepale ilipokuwa imepasuka. Ukarabati huo haukufeli kwa sababu bajeti ilikuwa ndogo. Ulifeli kwa sababu pesa zilitumiwa kinyumenyume.

Makala haya yanahusu gereji ya nyumbani, yaani chumba cha kuegesha gari, wala si gereji ya makanika. Nia yake ni kueleza utaratibu ambao mtu mwenye kipato cha kadiri anaweza kuufuata ili kila shilingi ifanye kazi mara moja tu. Utaratibu wenyewe ni mfupi: kwanza zuia maji, pili tengeneza sakafu, tatu shughulikia hewa na umeme, nne imarisha mlango, na mwisho kabisa paka rangi.

Pima kabla ya kununua

Kabla ya kununua hata msumari mmoja, toa kila kitu nje, fagia, kisha pima chumba. Hatua hii haigharimu chochote, nayo ndiyo inayofichua ukweli. Mara nyingi mwenye nyumba hugundua kwamba nusu ya tatizo lilikuwa ni takataka.

Chukua mfano wa gereji yenye urefu wa mita 5.5 na upana wa mita 2.8, vipimo vinavyolingana na gereji nyingi za nyumba za kawaida. Je, gari litaingia na mlango wake ufunguke? Magari mengi ya mitumba yanayopitia bandari ya Mombasa hutoka Japani, na sheria za nchi hiyo huyaweka katika kundi la magari madogo yale yasiyozidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7 na kimo cha mita 2. Gari la kundi hilo likiingia katika gereji ya mfano wetu, litabakisha takriban mita 1.1 kwa upana na sentimita 80 kwa urefu, bila kuhesabu vioo vya pembeni.

Hesabu hiyo ndogo inaamua mengi. Ukijenga rafu yenye kina cha sentimita 30 ukutani upande wa abiria, bado dereva anaweza kubakishiwa sentimita 60 za kufungua mlango na kutoka, mradi abiria washuke nje kabla ya gari kuingizwa. Ukijenga rafu pande zote mbili, dereva atalazimika kutokea dirishani. Mwenye gari dogo zaidi, mathalan Toyota Vitz ambayo urefu wake haufiki mita 4, anaweza kupata hata nafasi ya meza ya kazi mbele ya gari. Mwenye gari kubwa la barabara mbovu huenda akapata kwamba gereji yake haitalitosha kamwe, na ni heri alijue hilo kabla ya kununua mlango mpya.

Maji ndiyo adui wa kwanza

Karibu kila kasoro ya gereji chanzo chake ni maji. Ndiyo yanayoozesha mbao, kubambua rangi, kutia kutu chuma na kuhatarisha nyaya za umeme. Kwa hivyo, sehemu ya kwanza ya bajeti iende paani.

Ikiwa paa ni la mabati, ingia ndani mchana wakati wa jua kali, funga mlango na uangalie juu. Kila tundu litaonekana kama nyota. Weka alama kwa chaki penye kila nyota, kisha uhesabu. Matundu machache ya misumari iliyolegea yanaweza kuzibwa kwa kubadilisha misumari na kuweka ile yenye kofia pana na mpira chini yake. Hakikisha fundi anapigilia kwenye mgongo wa bati wala si kwenye bonde lake, kwa maana bondeni ndimo maji hupitia. Ikiwa matundu yametapakaa kwenye bati zima kwa sababu ya kutu, usipoteze pesa kwa viraka. Badilisha bati hilo. Unaponunua, kumbuka kwamba namba ya geji hufanya kazi kinyume cha matarajio ya wengi: bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la geji 30 ni nene kuliko la geji 32. Muuzaji akikupunguzia bei ghafla, tazama namba hiyo kwanza.

Gereji nyingi zimeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba, na pahali pale paa linapokutana na ukuta ndipo huvuja kuliko kwingine kote. Fundi mvivu hupaka saruji juu ya maungio hayo. Saruji hiyo hupasuka baada ya misimu michache kwa kuwa bati hupanuka juani na kunywea usiku, ilhali ukuta hausongi. Dawa yake ni ukanda wa bati uliokunjwa, ambao upande wake mmoja huchimbiwa ndani ya ukuta na mwingine kulala juu ya paa. Ni kipande kidogo cha bati, lakini huokoa ukuta mzima.

Baada ya paa, fikiria mfereji wa kukinga maji. Kila milimita moja ya mvua inayonyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Paa la gereji yetu lina takriban mita 15 za mraba, kwa hivyo mvua ya milimita 30 humwaga zaidi ya lita 450. Bila mfereji, maji hayo huanguka kando ya msingi wa ukuta. Ukiwa na mfereji na pipa au tangi, huwa ni maji ya kufua na kuosha gari katika mitaa ambayo mifereji ya maji hukauka kwa siku kadhaa kila wiki.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa wakazi wa maeneo yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama vile sehemu nyingi za Embakasi, Syokimau na Kitengela. Udongo huo hufura unapolowa na kupasuka unapokauka, na kila mara hutikisa msingi. Hakikisha ardhi inayozunguka gereji inateremka kuelekea mbali na ukuta ili maji yasituame.

Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini si nyufa zote zinazofanana. Ufa mwembamba kama unywele aghalabu ni wa lipu tu, na unaweza kuzibwa. Ule unaopenya hadi upande wa pili, unaofuata maungio ya mawe mithili ya ngazi na kuzidi kupanuka, chanzo chake ni msingi. Ukitaka kujua kama ukuta bado unasonga, bandika kipande chembamba cha kioo kwa saruji juu ya ufa na uandike tarehe kando yake. Kioo kikivunjika, ukuta unasonga, na pesa za rangi ziwekwe kando hadi mhandisi autazame.

Paa la asbesto

Baadhi ya nyumba za zamani, hasa zile zilizojengwa kabla ya miaka ya 1990, gereji zao zimeezekwa kwa vigae au mabati ya kijivu yaliyotengenezwa kwa saruji na asbesto. Hapa pana hatari ambayo hakuna bajeti ndogo inayoweza kuihalalisha. Nyuzi za asbesto zikivutwa ndani ya mapafu huweza kusababisha saratani, na Shirika la Afya Duniani (WHO) husema aina zote za asbesto zina madhara hayo. Nchini Kenya, kanuni za usimamizi wa taka za mwaka wa 2006 ziliweka asbesto miongoni mwa taka hatari.

Paa kama hilo likiwa zima na halijaguswa, hatari yake si kubwa. Hatari huja linapokatwa, kutobolewa, kusuguliwa kwa brashi au kuvunjwa kwa nyundo. Usimruhusu fundi wala kijana wa mtaani kulipanda na kulibomoa, na usitupe vipande vyake jaani au kuvitumia kujazia shimo la barabara. Wasiliana na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ili uelekezwe kwa watu walioidhinishwa kuliondoa. Ikiwa huna fedha za kazi hiyo kwa sasa, liache lilivyo na uanze na kazi nyingine ambazo haziligusi.

Sakafu: kiraka, tabaka au zege mpya?

Paa likishaacha kuvuja, teremka sakafuni. Hapa ndipo pana tofauti kubwa ya gharama, kwa kuwa kuna njia tatu na kila moja ina bei yake.

Chukua nyundo ndogo ugonge sakafu hatua kwa hatua. Ikitoa sauti nzito kila mahali na mashimo ni machache, inahitaji viraka tu, na mfuko mmoja au miwili ya saruji ya kilo 50 itatosha. Ikiwa uso wake umechakaa na kutoa vumbi lakini zege ya chini ni imara, ongeza tabaka jipya la saruji na mchanga. Kwa gereji ya mfano wetu, tabaka la milimita 40 lenye mchanganyiko wa sehemu moja ya saruji kwa tatu za mchanga linahitaji takriban mifuko 6. Sakafu ikisikika tupu kila unapogonga, au ikiwa imezama na kuvunjika vipande, hapana budi kuing'oa na kumwaga zege mpya. Zege ya milimita 100, yenye sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, itahitaji mifuko kama 10, mbali na mawe ya kujazia chini. Fundi akikuambia kazi ya tabaka jipya inataka mifuko 15, unayo haki ya kumwomba akuonyeshe hesabu yake.

Saruji haishikani na oyili. Kabla ya kuweka tabaka jipya, madoa ya oyili yasuguliwe kwa maji moto na sabuni ya unga hadi yaondoke, uso wa zamani uchongwechongwe ili uwe na makwaruzo, uloweshwe, kisha upakwe uji wa saruji. Tabaka linalowekwa juu ya vumbi na oyili huinuka kama chapati ndani ya miezi michache.

Mchanga nao una udanganyifu wake. Tia kiasi katika chupa inayoonyesha, ongeza maji, tikisa kwa nguvu na uiache itulie kwa saa kadhaa. Mchanga utazama chini na udongo utakaa juu yake kama tabaka laini. Tabaka hilo likizidi sehemu moja kwa kumi ya kimo cha mchanga, mchanga huo ni mchafu na utaifanya saruji yako kuwa dhaifu. Kwa wakazi wa Pwani, mchanga wa ufuoni usitumiwe hata ukipatikana bure, kwa kuwa chumvi yake hula chuma kilicho ndani ya zege.

Sakafu iteremke kuelekea mlangoni kwa sentimita moja kwa kila mita, yaani sentimita tano na nusu kutoka ukuta wa nyuma hadi mlangoni katika gereji yetu. Gari linaloingia likiwa limelowa litamwaga maji yake, nayo yatatoka yenyewe. Kazi ikishakamilika, ifunike kwa magunia na kuyanyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Saruji haipati nguvu kwa kukauka, bali kwa kukaa na unyevu. Ikiwezekana, gari lisiingie kabla ya siku 28. Subira hii ndiyo sehemu ya kazi isiyokugharimu chochote, na ndiyo wengi huiruka.

Hewa na umeme

Gereji ni chumba chenye hatari ambazo sebule haina. Injini ya gari inaponguruma ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haionekani wala hainuki, na ambayo huua mtu akiwa hata hajashuku lolote. Jenereta ya petroli na jiko la makaa hutoa gesi iyo hiyo. Kwa hivyo, usiwashe jenereta ndani ya gereji stima zinapopotea, hata ikiwa umeacha mlango wazi kidogo. Usiruhusu mlinzi kuota moto wa makaa humo wakati wa baridi ya Julai. Ikiwa gereji ina mlango unaofunguka hadi jikoni au sebuleni, mlango huo uwe mzito, uzibe vyema na ujifunge wenyewe.

Njia ya bei nafuu ya kupitisha hewa ni matofali yenye matundu. Weka mawili karibu na sakafu na mawili karibu na paa, kwenye kuta zinazotazamana. Mvuke wa petroli na gesi ya kupikia ni mizito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini, ilhali hewa moto hupanda juu. Matundu ya juu pekee huacha hatari ikiwa imelala sakafuni. Kwa sababu iyo hiyo, soketi zisiwekwe chini karibu na sakafu, na mtungi wa gesi ya kupikia usihifadhiwe katika gereji.

Umeme ndiyo kazi ambayo hupaswi kuitafutia fundi wa bei ya chini kabisa. Mfanye kazi awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), na usione haya kumwomba akuonyeshe. Kwa kawaida waya wa milimita 2.5 za mraba hutumiwa kwa soketi na wa milimita 1.5 kwa taa. Wa pili ni rahisi kuliko wa kwanza, na fundi asiye mwaminifu anaweza kuutumia kote, hadi siku mashine ya kutoboa au pasi itakapoupasha moto ndani ya ukuta. Dai pia swichi ya usalama inayokata umeme papo hapo unapovuja, kwa kuwa mtumiaji wa gereji husimama juu ya sakafu yenye maji.

Ukitaka mwanga bila kuongeza bili, badilisha bati moja la paa na uweke la plastiki linalopitisha nuru. Bati moja linatosha kukuwezesha kufanya kazi mchana kutwa bila kuwasha taa.

Mlango na usalama

Mlango mpya wa chuma ndicho kitu ghali kuliko vyote katika kazi hii, na mara nyingi hauhitajiki. Mlango wa zamani huonekana mbovu kwa sababu bawaba zimelegea na sehemu ya chini, inayogusana na maji, imeliwa na kutu. Fundi wa kuchomelea anaweza kuikata sehemu hiyo na kuweka kipande kipya, kubadilisha bawaba na kusugua kutu kwa brashi ya waya. Baada ya hapo mlango upakwe rangi nyekundu ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu. Ukiziruka hatua hizo mbili za mwisho, kutu itaendelea kula chuma chini ya rangi mpya.

Ikiwa hapana budi kununua mlango mwingine, tembelea mafundi wa jua kali wa Kamukunji au Kariobangi jijini Nairobi, au wenzao katika mji wako, ukiwa na vipimo mkononi. Mlango uliotolewa kwenye nyumba iliyobomolewa huweza kuwa wa chuma kizito kuliko mpya. Uliza ulikotoka na udai stakabadhi, usije ukanunua mali ya wizi. Kufuli liwekwe ndani ya kibanda cha chuma kinachozuia mwizi kulifikia kwa mkasi wa kukatia vyuma.

Rafu na rangi

Sasa ndipo wakati wa rangi. Kabla ya hapo, bandika kipande cha karatasi ya nailoni ukutani, ukiziba kingo zake zote kwa utepe, na ukiache kwa saa 24. Maji yakionekana nyuma ya nailoni, ukuta ungali na unyevu, na rangi yoyote utakayopaka itabambuka. Subiri.

Kuta za gereji ya mfano wetu, zenye kimo cha mita 2.4, zina takriban mita 35 za mraba ukiondoa mlango. Lita moja ya rangi hufunika karibu mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hivyo mikono miwili itahitaji lita 7. Mikebe miwili ya lita 4 inatosha. Rangi nyeupe huongeza mwanga. Asiye na uwezo wa kununua rangi anaweza kupaka chokaa, ambayo ni nafuu na huruhusu ukuta kupumua. Usisugue rangi kuukuu ikiwa kavu, kwa kuwa rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi ambayo vumbi lake hudhuru ubongo wa watoto. Ilowe kwanza.

Rafu zinaweza kutengenezwa kwa mbao zilizokwisha kutumika kwenye ujenzi, mradi zing'olewe misumari na kupakwa dawa ya mchwa. Zifungwe ukutani kwa skrubu, si kuegemezwa. Vitu vizito viwekwe chini, na sumu ya panya, asidi ya betri na petroli viwekwe juu, ndani ya kabati lenye kufuli, mbali na watoto.

Daftari na fundi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Bei za vifaa hupanda na kushuka, hivyo anza kwa kuandika idadi: mifuko, mita, lita na vipande. Kisha zunguka katika maduka matatu ya vifaa vya ujenzi na uweke bei kando ya kila idadi. Anayehesabu kwa mifuko na mita hadanganyiki kirahisi kama anayepewa jumla moja na fundi. Tenga pia sehemu moja kwa kumi ya fedha zote kwa ajili ya yale usiyoyatarajia, kwa kuwa ukishang'oa bati la zamani utakuta boriti iliyooza.

Nunua vifaa mwenyewe, na umlipe fundi kazi ya mikono pekee. Kubalianeni bei ya kila hatua badala ya malipo ya siku, kwani kazi inayolipwa kwa siku hukawia kuisha. Andikeni makubaliano hayo, hata kwenye ukurasa wa daftari, na kila mmoja atie sahihi. Lipa hatua inapokamilika, na ubakishe sehemu moja kwa kumi ya malipo ya paa hadi mvua ya kwanza kubwa inyeshe. Fundi anayejiamini hatakataa sharti hilo.

Sheria inasemaje?

Katika mitaa kama Buruburu, gereji nyingi ziligeuzwa kuwa maduka, vinyozi au vyumba vya kupangisha. Kishawishi hicho kinaeleweka, kwa kuwa kodi ya chumba kimoja husaidia kulipa karo. Hata hivyo, Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019 humtaka mtu apate kibali cha serikali ya kaunti kabla ya kuendeleza ardhi au kubadilisha matumizi ya jengo. Kuziba tundu la paa si sawa na kugeuza gereji kuwa duka. Ikiwa unakusudia kubomoa ukuta, kuongeza ghorofa au kubadilisha matumizi, fika katika ofisi za kaunti kwanza. Pesa utakazotumia bila kibali zinaweza kuishia chini ya tingatinga.

Isitoshe, chumba kisicho na dirisha wala mlango wa pili hakifai kulazwa mtu, hasa kikiwa kimepakana na gari au mitungi ya mafuta. Naye mpangaji anayetaka kukarabati gereji ya nyumba isiyo yake apate idhini ya maandishi kutoka kwa mwenye nyumba, inayoeleza ni nani atakayegharimia nini, la sivyo atakuwa amemjengea mwingine.

Usipokuwa na fedha zote kwa pamoja

Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba unaweza kukatizwa bila hasara. Paa na mifereji zifanywe Januari au Februari, kabla ya masika ya Machi hadi Mei. Masika yenyewe ndiyo mtihani: yatakuonyesha kama maji yangali yanapenya. Juni hadi Septemba, kabla ya vuli ya Oktoba, shughulikia sakafu, kisha umeme na mlango. Rangi na rafu zinaweza kusubiri hadi mwaka ujao, na hakuna kitakachoharibika kwa kuzisubiri.

Mwenye shilingi elfu chache leo na aziweke paani. Gereji yenye kuta chafu lakini kavu italinda gari, zana na nyaya kwa miaka mingi. Gereji yenye kuta zinazong'aa chini ya paa linalovuja itamrudisha mwenyewe dukani kabla ya vuli kuisha.